Mlio wa Dakika ya Tatu

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana najua utaisoma barua hii mara mbili. Mama amekaa hapa mezani, anachungulia ninachoandika na kujifanya anachambua mchele. Sisi wazima. Presha yake imetulia tangu alipoacha kubishana na fundi bomba. Mimi bado niko palepale kiwanda cha mikate, ila nimepandishwa cheo: zamani nilikuwa nakanda unga, siku hizi nasimamia tanuri. Maana yake mkate ukiungua naulizwa mimi. Habari za goti, habari za masikio, habari za mkaza mjomba? Mwambie ile skafu aliyonifumia naivaa hata mbele ya tanuri, na wenzangu wanaona nimerukwa na akili.

Haya, salamu zimetosha. Mjomba, keti kwanza. Umeketi?

PAA LA BATI WANAKUJA!

Bendi yenyewe, wazee wetu wa roki, walewale wanne! Wanasema ni onyesho lao la mwisho, baada ya hapo magitaa yanatundikwa ukutani. Ni Jumapili tarehe 21 Juni, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa michezo ulio mitaa miwili tu kutoka kazini kwangu. Nilipoliona tangazo kwenye nguzo ya umeme nilipiga ukelele mpaka mwenye duka la viatu akatoka nje na kiatu kimoja mkononi, akidhani nimegongwa. Nimepanga foleni asubuhi nzima na unga bado uko kwenye nyusi. Nimepata tiketi mbili. Moja yangu na moja yako. Sijamfikiria mtu mwingine hata kidogo.

Na lazima wataimba "Nakuja, Nakuja". Wasipoimba huo, watu watang'oa viti. Unakumbuka wewe ndiye uliyenipa ile kaseti? Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa umekuja kukaa na sisi, ukaitoa mfukoni mwa koti, ukaniambia, "Chukua, mimi sina haja nayo." Sijui ulikuwa unamkabidhi mtoto kitu gani. Utepe ulikatika mara nne, mara nne nikauunga kwa gundi.

Naomba nikueleze kana kwamba hujawahi kuusikia, maana nikiueleza raha inarudi. Unaanza na besi peke yake, inatembea taratibu kama mtu anayezunguka sebuleni akingoja mgeni. Gitaa linaingia kwa kunong'ona. Mwimbaji ameambiwa na mtu, "Nakuja, nakuja," naye amepanga viti, amechemsha chai, amechungulia dirishani mpaka shingo imemuuma. Kila kiitikio ngoma zinapanda kidogo, na sauti inapanda nazo, mpaka unaona kabisa huyu mtu sasa atalia. Halafu, dakika ya tatu, vyote vinakatika. Kimya! Unajikuta umeshika pumzi. Na katikati ya kimya hicho: ting! Mlio mmoja mdogo, safi, wa kitu ambacho hakuna anayekijua. Kisha wanarudi wote kwa kishindo, na mimi huwa naruka. Naruka mpaka leo, Mjomba, mtu mzima na trei ya mikate mkononi. Wimbo wote naupenda, lakini hiyo ting ndiyo inayonimaliza.

Najua simu haikufai kwa masikio yale uliyoyaacha kwenye vyumba vya mitambo ya lifti, kwa hiyo nangoja posta. Neno moja tu linatosha: nakuja.

Mpwa wako,
Kelele


2 Machi

Mpwa wangu Kelele,

Marahaba, na hiyo ya akiba nimeiweka kabatini. Mwambie mama yako aache kuchungulia barua za watu, tabia hiyo anayo tangu tukiwa shule. Huku ni wazima. Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo, ukuta wa jikoni umeota ukungu, na jirani yetu mshona viatu amemwoza binti yake wa pili. Hongera kwa cheo. Tanuri ni mtambo, na mtambo hauna adabu: usiupe mgongo.

Kuhusu hiyo safari, nashukuru sana mwanangu, ila tarehe hiyo imekaa vibaya. Kwanza goti. Daktari alisema nisikae kwenye gari zaidi ya saa moja. Pili, kuku wangu anaatamia mayai kumi na moja, na kuku huyo hatulii asiponiona. Tatu, sikio la kulia limekufa kabisa siku hizi, hata ukipiga bunduki pembeni yake nitakuuliza umesemaje. La kushoto linafanya kazi likipenda. Mtu wa sikio moja akienda kusikiliza roki anaharibu nusu ya tiketi. Mpe huyo mwenzako wa kazini mnayemwita Mama Hamira, umeniandikia kwamba anapenda kucheza.

Wimbo huo ni mzuri. Ni mrefu kidogo.

Wasalimie wote.
Mjomba wako

(Pembeni, kwa mwandiko mwingine:) Mwanangu, goti lake ni zima, juzi tu alikuwa juu ya paa anaziba tundu. Kuku tuliyenaye ni mmoja, naye ni jogoo. Barua yako aliisoma amesimama. Alipofika pale mwisho akakaa, chakula kikapoa mbele yake. Kuna jambo. Mimi mkaza mjomba wako.


10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anasema tabia ya kuchungulia aliifundishwa na wewe. Poleni na ukungu wa jikoni, mpake chokaa. Mpeni hongera mshona viatu.

Jogoo anaatamia mayai? Mjomba! Watu wazima wakidanganya angalau huwa wanachagua mnyama anayefaa.

Tiketi simpi mtu. Mama Hamira nampenda, ila akicheza hukanyaga watu, na isitoshe huyo ana tiketi yake mwenyewe. Hapa kazini tumeshikwa na wazimu wa Paa la Bati, kiwanda kizima. Tunachapa unga kwa mapigo ya "Nakuja, Nakuja". Juzi tulibishana kuhusu ile ting mpaka trei mbili zikaungua. Mama Hamira anaapa ni kijiko kimegonga glasi, kwa sababu wimbo una chai ndani yake. Dereva wa gari la mikate anasema ni kengele ya baiskeli, muuza maziwa alipita chini ya dirisha la studio. Fundi wa tanuri anasema sisi hatujui muziki, ile ni pembetatu ya chuma na imepigwa na mtaalamu aliyetoka ng'ambo. Nikamwambia mtaalamu gani atoke ng'ambo aje kupiga mara moja tu halafu arudi. Akanuna mpaka chakula cha mchana.

Sasa sikiliza. Jumamosi mpiga besi alihojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza ting ni ya kitu gani. Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema wimbo waliurekodi ghorofa ya nne ya jengo moja kuukuu hapahapa mjini, joto lilikuwa kali hata wakaacha mlango wazi, na kwamba mlangoni pale kulikuwa na lifti. Basi. Mtangazaji akambana, naye akasema, "Hiyo siri si yetu peke yetu. Ina mwenyewe, na mwenyewe hatujamwona tena."

Mjomba, wewe ulikuwa fundi wa lifti katika mji huu kabla hujahamia huko. Je, lifti ya jengo hilo uliijua? Nilipomuuliza mama, alicheka mpaka akakaa sakafuni, ikabidi nimpe maji. Alipopata pumzi akasema, "Muulize mjomba wako," akaanza tena.

Basi nakuuliza.

Kelele


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo na mimi sijambo.

Wiki saba kimya. Kila mtu wa posta akipita natoka nje na mikono yenye unga, mpaka amenizoea, ananipungia mkono wa "hakuna" akiwa bado yuko mbali. Nimekukosea? Kama ni ule utani wa jogoo, naufuta. Kama hutaki kuja, basi usije, sitakulazimisha tena, lakini nataka ujue kwa nini nilitaka uje. Baba alipofariki, wewe ndiye uliyekuja ukakaa na sisi mwezi mzima, na mimi nilikuwa nimeacha kuongea. Ukanipa kaseti ile. Mimi nakumbuka nilivyoufikia ule mlio kwa mara ya kwanza, nikacheka. Mama alikuja mbio kutoka jikoni kuangalia nani amecheka. Tangu siku hiyo wewe na wimbo huo kwangu ni kitu kimoja, na sikuwahi kukaa nao pamoja na wewe hata mara moja. Kila nilipoupiga ulikuwa unakumbuka kitu uwani.

Tiketi yako iko ndani ya kopo la sukari.

Kelele


9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hujanikosea. Jogoo anakusalimu.

Barua hii nimeianza mara tano. Ya kwanza nilifutia miwani, ya pili mkaza mjomba wako, bosi wa nyumba hii, alifungia vitumbua. Sasa nimejikaza, na yeye amekaa mlangoni ananilinda nisitoke.

Lifti hiyo niliijua. Nilikuwa ndani yake.

Miaka thelathini na moja iliyopita nilikuwa na miaka ishirini na nane, na jengo lile lilikuwa chini ya uangalizi wangu. Vijana wanne wenye nywele nyingi walikuwa wamepanga chumba ghorofa ya nne, mkabala na mlango wa lifti. Mwenye jengo akaniambia: siku hiyo kuanzia saa nane lifti izimwe, isitoe hata mlio, vijana wanarekodi na ndiyo siku yao ya mwisho mle ndani. Nikasema sawa. Nikaizima. Lakini niliizima nikiwa nimeisimamisha palepale ghorofa ya nne, mlango nimeuacha wazi upana wa vidole viwili, na mimi mwenyewe nimekaa ndani juu ya sanduku langu la spana. Nilikuwa nimewasikia wakifanya mazoezi wiki nzima, kupitia kwenye shimo la lifti. Sauti inapita vizuri sana mle. Nilikuwa nautaka wimbo ule kuliko chakula.

Waliurudia mara kumi na moja. Mara gitaa limekatika waya, mara mwimbaji kapiga chafya. Mara ya kumi na mbili, Kelele, mwili ulinisisimka mpaka nikasimama bila kujua. Ulikuwa mzuri kupita kiasi. Halafu ukakatika. Kimya. Mimi nikajua umeisha! Nani angejua kwamba kuna watu wanaweka kimya katikati ya wimbo? Nilitaka niwe wa kwanza kuwapa mkono. Nikazungusha ufunguo wa mafundi. Umeme ukarudi, kengele ikalia, na mlango ukafunguka wote.

Wote wanne wakageuka. Mpiga ngoma alikuwa ameinua fimbo zote mbili juu, zimeganda hewani, ananitazama. Na ile mashine ya kurekodi inazunguka tu.

Nilibonyeza kitufe cha chini. Mlango ukafunga. Nikala kona. Jioni ileile nilirudi nikaifungua ile kengele kwa hasira, nikaondoka nayo, na mwisho wa mwezi nikaomba uhamisho nikaja huku. Nilimwambia mama yako peke yake, naye, kama unavyomjua, hakunihurumia.

Kaseti ilipotoka mama yako aliniletea. Nilisikiliza mpaka pale panapokaribia kimya, nikazima. Hivyo ndivyo nilivyofanya mpaka leo, redioni, dukani, kila mahali. Nilijipa moyo kwamba walirekodi upya. Barua yako ya Februari ndiyo iliyonifahamisha kwamba hawakurekodi upya, kwamba ujinga wangu umo mle ndani tangu zamani na nchi nzima inausikia. Niliona aibu, mwanangu. Bado naona. Vijana wa watu walijaribu mara kumi na mbili, na ile moja iliyofaa nikaipigia kengele.

Ndiyo maana siji. Sasa unajua.

Mjomba wako


15 Mei

MJOMBA MJOMBA MJOMBA,

Shikamoo! Mama mzima! Mimi si mzima hata kidogo! Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mbele ya tanuri na leo mji huu utakula mikate myeusi!

Ni wewe! Kijiko kwenye glasi ni wewe! Baiskeli ya muuza maziwa ni wewe! Mtaalamu kutoka ng'ambo ni wewe, na fundi wa tanuri nimemwambia uso kwa uso kwamba mtaalamu wake ana jogoo anayeatamia. Samahani, nimewaambia wote. Sikuweza kujizuia. Mama Hamira alilia kwa furaha akapangusa machozi kwa mfuko wa unga.

Lakini ngoja, nitulie, kuna jambo la kufa kupona. Unaniambia HUJAWAHI kuusikiliza baada ya pale? Miaka thelathini na moja? Mjomba, umekaa na wimbo usio na mwisho!

Chukua kaseti kwa jirani yeyote, kila nyumba inayo. Sikiliza kwa sikio la kushoto. Baada ya ting kuna kitu kidogo sana, lazima usogee karibu: mtu anapumua kwa pua, ile pumzi ya mtu anayebana kicheko. Nadhani ni mpiga ngoma. Halafu ngoma zinaingia, lakini haziingii kama mwanzo. Zinaingia zikiruka. Gitaa linakosea noti moja, kwa sababu huyo naye anacheka. Na mwimbaji, ambaye dakika tatu nzima alikuwa karibu kulia, sauti inamkatika kwa raha.

Sasa toa karatasi iliyo ndani ya jalada la kaseti, ile yenye maneno ya wimbo. Nimekuwa nikijiuliza tangu nina miaka tisa. Ubeti wa mwisho umeandikwa hivi: "Nimezima taa, nimekunja kiti, sikungoji tena." Umeuona? Lakini hicho sicho anachoimba! Anachoimba ni, "Ingia, ingia! Chai ingali moto!" Mara nane anarudia, na wenzake wanaitikia kwa kelele. Watu wanaandika hayo ukutani. Watu wanaoana na wimbo huo. Nilidhani aliyechapa karatasi alikosea.

Hakukosea, Mjomba. Wimbo uliandikwa uishe kwa huzuni. Mtu aliyesubiriwa alikuwa haji. Halafu kengele ikalia, mlango ukafunguka, na ukatokea wewe na sanduku lako la spana.

Hukuuharibu. Wewe ndiye mgeni aliyefika.

Sikiliza, halafu niandikie.

Kelele wako


1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku ni wazima.

Nimesikiliza. Mshona viatu alituazima kaseti na redio yake. Tulikaa jikoni, mimi na bosi, sikio langu la kushoto limegusa spika. Palipokaribia kimya mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitufe, bosi akaukamata akaushikilia.

Tumesikiliza mara tisa. Betri zimekwisha, tumemnunulia mshona viatu nyingine.

Naomba tu unifahamishe mlango wa ukumbi uko upande gani wa barabara, na kama viti vina nafasi ya goti.

Mjomba wako

(Pembeni:) Kila asubuhi kuna kitu anakisugua kwa majivu, nikiingia anakificha chini ya gazeti. Nimekwishakiona. Kinang'aa. Jogoo tunamwachia jirani. Mkaza mjomba wako.


24 Juni

Mjomba wangu shujaa,

Shikamoo. Mama hajambo, sauti imemkauka, anaongea kwa ishara na bado anaongea sana. Natumaini mmefika salama. Umesahau miwani yako juu ya friji. Kwa kuwa Jumapili, wakati wa wimbo, ulikuwa umefumba macho, na mimi nilikuona, acha nikueleze yaliyotokea ili uyajue.

Kwanza yule mlinzi wa mlangoni. Alipokukuta na spana na kengele ya shaba mfukoni, akakuuliza ni za nini, ukamjibu, "Ni za kazi," mimi nilitaka ardhi inimeze. Nashukuru mkaza mjomba alijua la kumwambia; zile tiketi mbili nilizowatafutia yeye na Mama siku za mwisho zilinilipa hapohapo.

Pili, watu. Hukuona, ila wimbo wa "Nakuja, Nakuja" ulipoanza ukumbi mzima ulitoa vitu mifukoni. Vijiko, funguo, chupa, kengele za baiskeli. Mama Hamira alikuja na kifuniko cha sufuria. Maelfu ya watu, Mjomba, wote wanangoja dakika ya tatu ili wapige ting pamoja. Kila onyesho hufanya hivyo. Nilitaka nikunong'oneze, lakini nilikuwa upande wa sikio bovu.

Tatu, wewe. Kiitikio cha pili! Cha PILI, Mjomba! Mwimbaji yuko katikati ya neno, bado anachungulia dirishani, chai haijachemka, na wewe umefumba macho, unainua spana, ting! Umeingia mapema dakika nzima!

Ile kengele ina sauti, jamani. Ilipita juu ya magitaa, juu ya spika, ikafika mpaka jukwaani. Na hapa ndipo ulipokosa kwa sababu ya hayo macho yako. Mpiga ngoma, yule mzee mnene mwenye upara, alisimamisha fimbo zote mbili hewani. Zikaganda. Kama ulivyoniandikia, hivyohivyo. Wenzake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Watu wote kimya, na vijiko vyao mikononi. Akasogeza kipaza sauti, akasema polepole:

"Kengele hiyo naijua."

Kisha akasema, "Na hakuna mwingine duniani anayeingia vibaya namna hiyo. Yuko wapi yule fundi?"

Mama ndiye aliyekuinua kwapani. Wewe ulidhani wanakutoa nje, nilikuona ulivyokuwa unaomba radhi kwa kila uliyempita. Na mwimbaji akaanza, bila gitaa, bila kitu, "Ingia, ingia," na ukumbi mzima ukamwitikia, mpaka wewe ukafika mbele.

Nililia, nakiri. Nililia na kuruka kwa wakati mmoja, na Mama Hamira alinikanyaga mara mbili.

Sasa nina swali moja, na kazini hawataniacha nipumue nisipoleta jibu. Yule mzee alishuka jukwaani, akakukumbatia, akakuambia kitu sikioni. Kirefu. Wewe ukatikisa kichwa, ukacheka, naye akacheka. Alikuambia nini?

Kelele


5 Julai

Mpwa wangu Kelele,

Marahaba. Tulifika salama, jogoo amenenepa. Miwani usiitume, nitakuja kuichukua mwenyewe, goti limepona.

Umeniuliza yule mzee aliniambia nini. Mwanangu, aliniambia kwenye sikio la kulia.

Sikusikia hata neno moja. Nilitikisa kichwa tu kwa heshima, kama mtu anayeelewa. Bosi anasema nimwandikie nimuulize, lakini sitamwandikia. Nilikuwa nimefumbua macho wakati huo, na nikamwona anavyocheka. Kicheko hichohicho kimo kwenye kaseti, baada ya kengele. Siku ile mlango wa lifti uliponifungia, kilikuwa kimeshaanza kumjia, mimi nikakikimbia kabla hakijanifikia. Nimekisubiri miaka mingi. Kinatosha.

Waambie wenzako wa kazini kwamba alisema siri, na siri ina mwenyewe.

Mjomba wako

(Pembeni:) Kengele ameifunga kwenye mlango wetu wa mbele. Mtu akija kuomba chumvi, akiigusa tu, huyu hukimbia kutoka uwani akipiga kelele, "Ingia, ingia!" Kisha anamkalisha, anawasha redio, na hakuna anayepewa chumvi wala ruhusa ya kuondoka mpaka wimbo ufike mwisho. Njoo unisaidie. Mkaza mjomba wako.